Nyaraka na DNA zinavyomfichua babu wa enzi ya Mapinduzi ya Marekani

WAHENGA walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Nchini Marekani methali hii yaweza kusomwa kinyumenyume: mtumwa ndiye aliyelazimishwa kuiacha asili yake, akavuliwa jina, akaandikwa katika daftari la bwana wake pamoja na ng'ombe na majembe, na vizazi vyake vikabaki kubisha hodi kwenye nyumba isiyokuwa na mlango. Upande wa pili wapo wale ambao asili yao iliandikwa, ikahifadhiwa na hata kuenziwa kwa medali. Tofauti kati ya makundi haya mawili hudhihirika zaidi pale mtu anapotaka kujua ikiwa mmoja wa mababu zake alishiriki vita vilivyoizaa nchi hiyo.

Vita hivyo vilianza Aprili 1775 katika vijiji vya Lexington na Concord, jimboni Massachusetts. Makoloni 13 yalijitangazia uhuru kutoka kwa Uingereza mnamo Julai 4, 1776, na mkataba wa amani ukatiwa saini jijini Paris mnamo Septemba 1783. Mwaka wa 2026 kwa hiyo ni wa 250 tangu tangazo hilo.

Kumsaka babu wa enzi hiyo si kazi ya watu wenye udadisi tu. Majibu yake huamua ni nani anayekubaliwa kuwa mwanachama wa vyama vikongwe vya kitaifa, ni nani anayeruhusiwa kuzikwa katika makaburi fulani, na ni simulizi ya ukoo upi itakayoaminiwa. Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanywa: nyaraka zinazotumiwa, nafasi ya DNA, na mipaka ya nyenzo zote mbili.

Safari ya vizazi saba

Mtu aliyezaliwa katika miaka ya 1980 hutenganishwa na askari wa vita hivyo na takriban vizazi saba au vinane. Lugha ya Kiswahili ina maneno ya mjukuu, kitukuu, kilembwe na kinying'inya. Msamiati huo humalizika kabla safari yenyewe haijafika mwisho.

Hesabu yake ni rahisi lakini inatisha. Kila mtu ana wazazi wawili, mababu na mabibi wanne, na waliowazaa hao ni wanane. Ukipanda hadi kizazi cha saba unawakuta watu 128, na katika cha nane 256. Askari anayetafutwa ni mmoja tu kati ya umati huo. Ili kumfikia, mtafiti anahitaji kuthibitisha kila kiungo cha mnyororo: kwamba huyu alizaliwa na yule, na yule na mwingine, bila kuruka hata mmoja. Kiungo kimoja kikilegea, mnyororo mzima hauna thamani, hata kama jina la ukoo ni lile lile na kijiji ni kile kile.

Ndiposa wataalamu wa nasaba husisitiza kanuni moja: anza na wewe mwenyewe, kisha urudi nyuma. Anayeanza na shujaa mashuhuri, akashuka chini akitafuta namna ya kujiunganisha naye, kwa kawaida humpata tu yule aliyetaka kumpata.

Nyaraka zinazosema

Vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya vifo humfikisha mtafiti hadi mwanzoni mwa karne ya 20 katika majimbo mengi, kwani usajili wa lazima ulichelewa. Majimbo ya kaskazini-mashariki ndiyo yenye bahati. Miji ya huko iliandika watoto waliozaliwa tangu karne ya 17.

Kutoka hapo, nguzo kuu ni hesabu ya watu, ambayo Marekani imekuwa ikiifanya kila baada ya miaka kumi tangu 1790. Hata hivyo, daftari hizo hazilingani kwa uzito. Kuanzia 1790 hadi 1840 zilitaja jina la mkuu wa nyumba pekee. Mke, watoto na wengineo walikuwa alama tu katika safu za umri na jinsia. Hesabu ya 1850 ndiyo ya kwanza kutaja kwa jina kila mtu aliyekuwa huru. Ya 1880 ikaongeza uhusiano wa kila mmoja na mkuu wa nyumba. Sehemu kubwa ya ile ya 1890 ilipotea kufuatia moto uliozuka jijini Washington mnamo 1921, na kuacha pengo la miaka 20 ambalo huwasumbua watafiti hadi leo.

Hesabu ya 1840 ina upekee wake. Pamoja na kuwa na majina machache, iliwaorodhesha wazee waliokuwa wakipokea malipo ya uzeeni kwa sababu ya utumishi wa kijeshi, ikataja umri wao na nyumba walimoishi. Mzee wa miaka 85 aliyeandikwa nyumbani kwa mkwewe aweza kuwa ndiye kiungo kinachounganisha koo mbili ambazo hakuna karatasi nyingine inayoziunganisha.

Hazina kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni majalada ya malipo ya uzeeni. Sheria ya 1818 iliwapa malipo maveterani fukara wa jeshi la kitaifa, na miaka miwili baadaye wakatakiwa kuorodhesha mali yao ili kuthibitisha ufukara huo. Sheria ya 1832 ilipanua mlango: yeyote aliyetumikia kwa angalau miezi sita, hata katika vikosi vya wanamgambo wa majimbo, aliweza kuomba. Sheria ya 1836 na zilizoifuata zikawafikia wajane.

Kwa kuwa wengi hawakuwa wamehifadhi hati za kuachishwa jeshi, iliwabidi wazee hao kusimama mbele ya mahakama ya wilaya na kusimulia kwa kiapo: walizaliwa wapi, waliingia jeshini lini, makamanda wao walikuwa akina nani, walipigana wapi, na walihamia wapi baadaye. Majirani na maaskari wenzao waliletwa kushuhudia. Wajane nao walitakiwa kuthibitisha ndoa, na baadhi yao waliochana kurasa za Biblia ya familia zenye orodha ya watoto na tarehe za kuzaliwa, wakazituma Washington. Kurasa hizo zingali ndani ya majalada. Mtafiti anayezikuta huwa amepata kizazi kizima kwa pigo moja.

Majalada hayo ni zaidi ya 80,000 na yamehifadhiwa na Idara ya Taifa ya Kumbukumbu ya Marekani. Picha zake zimewekwa kwenye intaneti, na tangu 2023 wananchi wa kujitolea wamekuwa wakinakili maandishi hayo ya mkono ili yaweze kutafutwa kwa maneno. Mjane wa mwisho aliyelipwa kwa sababu ya vita hivyo, Esther Damon wa jimbo la Vermont, alifariki mnamo 1906, zaidi ya miaka 120 baada ya amani kupatikana. Alikuwa ameolewa akiwa kijana na mzee aliyepigana vitani, jambo linaloonyesha jinsi vita vya karne ya 18 vilivyoigusa karne ya 20.

Kuna pia hati za ardhi. Bunge la wakati huo, kwa kukosa fedha, liliwaahidi askari wa kawaida ekari 100 kila mmoja. Madai ya ardhi hiyo, uuzaji wake na urithi wake huonyesha warithi kwa majina.

Moto na majina pacha

Nyaraka nazo zina maadui. Mnamo Novemba 1800 ofisi za Wizara ya Vita ziliteketea, na mnamo 1814 wanajeshi wa Uingereza wakaichoma Washington. Maombi mengi ya malipo yaliyowasilishwa kabla ya hapo yakaangamia. Anayekosa jalada la babu yake asiharakishe kusema hakupigana. Huenda alifariki mapema, huenda karatasi zake ziliungua, au huenda hakuwa fukara kiasi cha kuomba.

Adui wa pili ni majina yanayofanana. Katika wilaya moja waliweza kuwapo akina John Smith watano, wote wa umri wa kupigana. Zaidi ya hayo, maneno ya mkubwa na mdogo yaliyoandikwa baada ya jina hayakumaanisha baba na mwanawe wakati wote. Yaliweza kuwatofautisha mjomba na mpwa, au watu wasiokuwa na udugu. Mtafiti makini huwatenganisha kwa kufuata mashamba yao, majirani zao, wake zao na mashahidi waliotia saini hati zao.

Ukuta wa 1870

Hadi hapa tumezungumzia watu waliokuwa huru. Kwa wazao wa watumwa, njia hiyo hukatika ghafla katika mwaka wa 1870. Hesabu ya mwaka huo ndiyo ya kwanza kuwataja kwa majina wengi wa watu weusi waliokombolewa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Katika hesabu za 1850 na 1860 watumwa waliwekwa kwenye orodha yao ya pekee: jina la mmiliki, kisha umri, jinsia na rangi ya kila mtu aliyemilikiwa. Majina yao, isipokuwa kwa nadra, hayakuandikwa.

Kuuvuka ukuta huo ni kazi ya subira. Mtafiti hulazimika kumtambua mmiliki, kisha kusoma nyaraka za ukoo wa mmiliki huyo: wosia, orodha za mali za marehemu, hati za mauzo, rehani na kesi za mirathi. Ni katika karatasi hizo za kugawana mali ndimo majina ya mababu hutokea, pamoja na bei zao. Kumbukumbu za shirika la serikali lililowahudumia waliokombolewa kati ya 1865 na 1872, na za benki yao iliyofungwa mnamo 1874, husaidia sana, kwani wenye akaunti waliulizwa majina ya wazazi, ndugu na mahali walikozaliwa.

Watu weusi waliokuwa huru kabla ya vita ni hali tofauti, na mfano wao unaojulikana zaidi ni wa Profesa Henry Louis Gates wa Chuo Kikuu cha Harvard. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya kipindi chake cha televisheni ulibaini kwamba mmoja wa mababu zake, John Redman, alikuwa mtu mweusi huru aliyepigana upande wa wapigania uhuru na kuwasilisha ombi la malipo ya uzeeni. Mnamo 2006 Gates akapokewa rasmi katika chama cha wazao wa kiume wa Mapinduzi, Sons of the American Revolution. Mnyororo haukukatika kwa sababu familia hiyo iliishi huru kwa vizazi katika eneo lile lile la milimani, na kwa hivyo iliandikwa kwa majina.

Redman hakuwa peke yake. Wanahistoria hukadiria kwamba takriban wanaume weusi 5,000, na huenda zaidi, walipigana upande wa makoloni. Jimbo la Rhode Island lilipitisha sheria mnamo 1778 ya kuwaandikisha watumwa kwa ahadi ya uhuru, na mabwana zao wakafidiwa.

Waliokimbilia upande wa Waingereza walikuwa wengi zaidi. Mnamo Novemba 1775 gavana wa Virginia, Lord Dunmore, aliwaahidi uhuru watumwa wa waasi ambao wangejiunga na jeshi la mfalme. Vita vilipokwisha, kamanda wa Uingereza jijini New York, Guy Carleton, alikataa kuwarejesha kwa mabwana zao, ila akaamuru waandikwe. Daftari hilo la 1783 lina watu wapatao 3,000: jina, umri, maelezo ya mwili, bwana wa zamani na meli waliyopanda kwenda Nova Scotia. Mmoja wao ni Harry Washington, mzaliwa wa Afrika Magharibi aliyelitoroka shamba la George Washington mwenyewe. Mnamo 1792 alikuwa miongoni mwa watu wapatao 1,200 waliosafiri kwenda Sierra Leone na kuuanzisha mji wa Freetown. Kwa hivyo, anayemsaka babu wa enzi ya Mapinduzi aweza kujikuta akisoma nyaraka za Kanada, London na Afrika, na kugundua kwamba shujaa wake alipigania uhuru akiwa upande ulioshindwa.

DNA yaingia ukumbini

Kuanzia mwaka wa 2000 kampuni za kibiashara zilianza kuwauzia wananchi wa kawaida vipimo vya DNA kwa ajili ya nasaba. Anayepima huchukua mate au usufi uliopanguswa ndani ya shavu, akautuma kwa posta na kusubiri wiki kadhaa. Ni muhimu kuelewa kwamba vipimo hivyo ni vya aina tatu, na kila kimoja hujibu swali lake.

Cha kwanza ni cha kromosomu Y, ambayo baba humrithisha mwanawe wa kiume karibu bila mabadiliko. Kwa kuwa jina la ukoo nalo hufuata njia hiyo hiyo katika jamii za Kizungu, kipimo hiki hufaa kuthibitisha kama wanaume wawili wenye jina moja wanatoka kwa babu mmoja. Udhaifu wake ni kwamba hufuata mstari mmoja tu, wa baba wa baba wa baba. Akitokea mwanamke mmoja katika mnyororo, kimekwisha.

Cha pili ni cha mitokondria, ambayo mama huwarithisha watoto wote lakini huendelezwa na mabinti pekee. Hubadilika polepole mno, hivi kwamba watu wawili waweza kufanana kabisa ilhali bibi yao wa pamoja aliishi maelfu ya miaka iliyopita. Uzuri wake ni kuonyesha asili ya mbali. Baadhi ya Wamarekani weusi, kwa mfano, wamegunduliwa kuwa na mitokondria ya Madagascar. Matokeo hayo huafikiana na nyaraka za bandari zinazoonyesha kwamba kati ya 1719 na 1721 meli kadhaa za watumwa zilifika Virginia kutoka kisiwa hicho cha Bahari ya Hindi.

Cha tatu, na ndicho maarufu zaidi, huchunguza kromosomu zile nyingine zote, ambazo mtu huzirithi kwa baba na kwa mama. Hiki hufuata matawi yote, lakini hufifia upesi. Kila kizazi kinapopita, urithi hugawanywa nusu kwa nusu. Babu wa kizazi cha saba kwa wastani humwachia mzawa wake chini ya asilimia moja ya DNA yake, na kwa kuwa ugawaji huo ni wa bahati nasibu, aweza kutomwachia chochote kabisa. Naam, mtu aweza kuwa mzawa halali wa askari bila kubeba hata chembe yake moja.

Vivyo hivyo kwa binamu. Watu wawili wanaokutana kwa babu wa kizazi cha nne hutambulikana katika takriban visa tisa kati ya kumi. Wanaokutana katika kizazi cha tano hutambulikana katika karibu nusu ya visa, na wa kizazi cha sita katika takriban kimoja kati ya kumi. Wanaokutana kwa askari aliye kizazi cha saba hutambulikana kwa nadra sana. Ndiyo maana watafiti huwapima wazee kwanza. Shangazi mwenye miaka 90 yuko karibu na Mapinduzi kwa vizazi viwili kuliko mjukuu wa ndugu yake, na akizikwa kabla ya kupimwa, ushahidi alioubeba huzikwa naye.

Kisa cha Monticello

Hakuna kisa kinachofunza zaidi jinsi nyaraka na DNA zinavyopaswa kuoanishwa kuliko kile cha Thomas Jefferson, mwandishi mkuu wa Azimio la Uhuru na rais wa tatu wa Marekani, na Sally Hemings, mwanamke aliyekuwa mtumwa wake huko Monticello, Virginia.

Hemings alizaliwa mnamo 1773. Kwa mujibu wa simulizi ya familia yake, baba yake alikuwa John Wayles, mkwe wa Jefferson, na kwa hiyo alikuwa dada wa baba mmoja wa marehemu mke wa Jefferson. Mnamo 1787, akiwa na miaka 14, alipelekwa Paris alikokuwa Jefferson kama balozi. Alizaa watoto sita wanaojulikana katika rekodi. Wanne kati yao, Beverly, Harriet, Madison na Eston, walikua wakawa watu wazima.

Mnamo 1802 mwandishi wa magazeti, James Callender, alichapisha madai kwamba rais alikuwa akizaa na mtumwa wake. Wajukuu wa Jefferson walioandikwa katika ndoa walikanusha na kuwasingizia wapwa zake, Peter na Samuel Carr. Mnamo 1873 Madison Hemings, wakati huo akiwa seremala jimboni Ohio, alieleza gazetini kwamba Jefferson ndiye baba yake na wa ndugu zake. Hata karani wa hesabu ya watu ya 1870 alikuwa ameandika jambo hilo kando ya jina lake. Kwa zaidi ya karne moja, wanahistoria wengi waliuamini ushahidi wa wajukuu na kuupuuza wa Madison. Mnamo 1997 mwanasheria Annette Gordon-Reed alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba mizani hiyo haikuwa sawa: neno la wazao wa bwana lilichukuliwa kuwa ushahidi, na la wazao wa mtumwa likaitwa uvumi.

Mwaka uliofuata daktari Eugene Foster na wenzake walitoa matokeo ya DNA. Jefferson hakuacha mwana wa kiume wa ndoa aliyeishi, kwa hivyo kromosomu Y yake ilitafutwa kwa wazao wa kiume wa Field Jefferson, ndugu wa baba yake. Wanaume watano wa mstari huo walipimwa, pamoja na mzawa mmoja wa kiume wa Eston Hemings, wazao wa ukoo wa Carr, na wale wa Thomas Woodson, ambaye familia yake nayo ilisimulia kwamba alikuwa mtoto wa Jefferson.

Matokeo yalikuwa wazi. Kromosomu ya mzawa wa Eston ilioana na ya ukoo wa Jefferson na haikuoana na ya akina Carr. Ya wazao wa Woodson haikuoana na ya Jefferson. Simulizi moja ya ukoo iliimarishwa, nyingine ikapingwa, na ile ya wajukuu kuhusu akina Carr, kwa upande wa Eston, ikaporomoka.

Hata hivyo, jarida la Nature lililochapisha utafiti huo mnamo Novemba 1998 liliupa kichwa kilichotamka moja kwa moja kwamba Jefferson alikuwa baba wa mtoto huyo. Watafiti wenyewe walilazimika kufafanua baadaye kwamba DNA pekee haikusema hivyo. Ilisema tu kwamba baba alikuwa mwanamume wa ukoo wa Jefferson, na ndugu yake Randolph pamoja na wanawe walikuwa na kromosomu hiyo hiyo. Kichwa cha habari kilikuwa kimekimbia mbele ya habari yenyewe, na wapinzani wakapata pa kushika.

Lililolifunga pengo hilo ni nyaraka. Jefferson alikuwa mtu wa kuandika kila kitu, na daftari zake huonyesha alikokuwa takriban kila siku. Uchanganuzi uliochapishwa mnamo 2000 ulibaini kwamba alikuwa Monticello wakati wa kutungwa mimba kwa kila mtoto wa Hemings, ingawa alikuwa akisafiri kwa muda mrefu, na kwamba hakuna mimba iliyotungwa wakati hayupo. Watoto wote wanne waliachwa huru au kuruhusiwa kuondoka, jambo ambalo hakulifanya kwa familia nyingine yoyote ya watumwa wake. Mwaka huo huo wakfu unaosimamia Monticello ulihitimisha kwamba kuna uwezekano mkubwa Jefferson ndiye aliyekuwa baba wa watoto wote sita. Kundi jingine la wasomi lilipinga hitimisho hilo mnamo 2001, lakini wanahistoria wengi wamelikubali, na mnamo 2018 chumba cha maonyesho kuhusu Sally Hemings kilifunguliwa huko Monticello.

Kukubaliwa na wasomi hakukuwa sawa na kukubaliwa na jamaa. Chama cha wazao wa Jefferson kwa mkewe, ambacho humiliki makaburi ya familia huko Monticello, kilipiga kura mnamo 2002 na kukataa kuwapa uanachama wazao wa Hemings. Damu ilikuwa imetoa ushahidi. Kaburi likabaki na ua.

Mahali DNA inapopotosha

Kisa hicho kinafafanua mafunzo ya jumla. Kwanza, DNA huthibitisha udugu. Haitaji jina wala haitoi tarehe. Pili, wakazi wa vijiji vya karne ya 18 walioana ndani kwa ndani, kiasi kwamba watu wawili wanaofanana kidogo wameweza kurithi kipande hicho kwa babu tofauti kabisa na yule wanayemdhania. Tatu, miti ya ukoo iliyowekwa kwenye intaneti hunakiliwa bila kuchunguzwa, na kosa moja lililonakiliwa na watu 100 haliwi mashahidi 100. Nne, asilimia za asili zinazotajwa na kampuni ni makadirio yanayobadilika kila hazina yao ya kulinganishia inapopanuliwa.

Wakenya watakumbuka kisa kilichomgusa Rais wa zamani Barack Obama. Wengi walidhani kwamba kwa kuwa baba yake alitoka Kenya na mama yake alikuwa Mzungu wa Kansas, hakuwa na babu aliyekuwa mtumwa Marekani. Mnamo Julai 2012 watafiti wa kampuni ya Ancestry walitangaza kwamba, kupitia kwa mama huyo, huenda alitokana na John Punch, Mwafrika ambaye mahakama ya Virginia ilimhukumu mnamo 1640 kutumikia maisha yake yote kwa kutoroka, huku wenzake wawili wa Ulaya wakiongezewa miaka michache tu. Ushahidi ulikuwa kromosomu Y ya Kiafrika iliyopatikana kwa wanaume wa ukoo wa Bunch, pamoja na nyaraka za mashamba. Lakini rekodi nyingi za Virginia zilikuwa zimeangamia, na watafiti hao wakasema uwezekano ni mkubwa, hawakusema imethibitika. Huo ndio uungwana wa taaluma hii.

Nani anakubaliwa?

Chama cha mabinti wa Mapinduzi, Daughters of the American Revolution, kilianzishwa mnamo 1890. Humkubali mwanamke yeyote wa miaka 18 au zaidi anayeweza kuthibitisha kwamba ni mzawa wa damu wa mtu aliyeunga mkono vita vya uhuru. Kwa miongo mingi uthibitisho huo uliandamana na rangi. Mnamo 1939 chama hicho kilimkatalia mwimbaji mweusi Marian Anderson ukumbi wake jijini Washington. Mwanachama wa kwanza mweusi anayejulikana, Karen Farmer, alipokewa mnamo 1977. Mnamo 2008 chama kilichapisha orodha ya majina zaidi ya 6,600 ya watu weusi na Wahindi Wekundu walioshiriki vita hivyo, na tangu 2014 kimekuwa kikipokea matokeo ya kromosomu Y kama sehemu ya ushahidi, mradi yaandamane na nyaraka.

Anayefikiria kupimwa ana jambo jingine la kupima kwanza. Siri za familia huwa hazibishi hodi: watu wamegundua kwamba baba waliyemzika si aliyewazaa. Pia, DNA ya mtu mmoja ni habari kuhusu jamaa zake wote, hata wasiokubali. Mnamo 2023 wadukuzi walipata taarifa za wateja takriban milioni 6.9 wa kampuni ya 23andMe, na mnamo Machi 2025 kampuni hiyo ikaomba ulinzi wa mahakama kwa sababu ya kufilisika, jambo lililozua swali la nani angeirithi hazina hiyo ya mate ya watu.

Kwa mtafiti, mpangilio wa kazi basi ni huu: wahoji wazee na uwapime wakiwa hai, panga nyaraka kutoka leo kurudi nyuma, tafuta jalada la malipo, wosia na hati za ardhi, kisha utumie DNA kulijibu swali mahususi ambalo nyaraka zimeshindwa kulijibu. Nyaraka ziliandikwa na waliokuwa na kalamu, na kalamu hiyo haikushikwa na kila mtu. DNA haikuhitaji ruhusa ya karani. Madison Hemings aliyasema aliyoyasema mnamo 1873 bila ya kuwa na maabara wala mwanasheria, na ikawachukua wasomi miaka 125 kugundua kwamba alistahili kusikilizwa tangu siku ile ya kwanza.